Mchana Uliopotea Angani

"Johannesburg, Sajini. Unajua iliko?"

Mrakibu Isaya Rwegoshora, mkuu wa upelelezi wa wilaya, aliuliza huku akichovya andazi kwenye chai. Hakumtazama aliyemuuliza. Sajini Magreth Mwasumbi alikuwa amesimama mbele ya meza, kofia kwapani, jasho la saa nne asubuhi likimtambaa mgongoni. Masika ya mwaka 2001 yalikuwa yameilowesha Mtwara hata karatasi za ofisini zikawa laini kama nguo.

"Najua, Afande. Afrika Kusini."

"Sawasawa. Sasa nisikilize. Ijumaa ile, alfajiri, Goodluck Samweli alikunywa chai Johannesburg. Hoteli wamethibitisha kwa simu. Ijumaa hiyohiyo, magharibi, shemeji yake akampokea uwanja wa ndege wa Dar. Pasi yake imegongwa muhuri wa siku ile. Ijumaa hakuna ndege ya kutoka Dar kuja huku. Barabara nayo Rufiji imeimeza. Amekuja Jumamosi kwa ndege, tena mimi mwenyewe nilikuwepo nikamwona akishuka ngazi. Haya, niambie alimuuaje Omari Chitanda pale Kilambo Ijumaa mchana. Aliruka kama popo?"

"Sijui, Afande."

"Kama hujui, andika unachokijua. Jumatatu Nassoro Likwata apelekwe mahakamani. Jalada lifungwe."

"Nassoro hakuua."

Mrakibu aliweka andazi chini.

Omari Chitanda alikuwa na shamba la mikorosho Kilambo, kando ya Ruvuma, karibu na mlango wa mto. Samweli, mfanyabiashara mwenye nyumba kubwa Shangani, mjini Mtwara, alitaka kujenga hoteli ya watalii mahali palepale. Omari alimkatalia mara tatu, mara ya tatu mbele ya mkutano wa kijiji, akisema kwamba makaburi ya wazee wake hayatageuzwa kuwa bwawa la kuogelea. Wiki mbili baadaye akakutwa kalala chini ya mkorosho, kichwa kimepasuliwa. Jirani yake Nassoro, waliyewahi kugombana naye kuhusu mpaka wa shamba, akakamatwa kwa sababu jembe lake lilikuwa pale.

"Jembe lilikuwa limeegeshwa kwenye mti," Magreth alisema. "Lina udongo mkavu wa mhogo na halina tone la damu. Mtu aue kwa jembe, kisha aliegeshe vizuri karibu na maiti, aende nyumbani kula ugali?"

"Nataka ushahidi, Sajini. Mahubiri peleka kanisani. Na umeshaambiwa usimsumbue Bwana Samweli."

"Nimeambiwa nifunge jalada, Afande. Jalada halina maelezo yake niliyoyaandika mimi. Siwezi kufunga chungu kisicho na kifuniko."

Akapiga saluti, akatoka kabla hajajibiwa.

Hawa, mke wa Nassoro, alikuwa ameketi nje ya kituo kama alivyoketi kila siku tangu mumewe aletwe, bakuli la chakula limefunikwa kwa kitambaa mapajani. Magreth alipompita, Hawa hakusalimu wala hakulia.

"Unakwenda kumtafuta aliyeua," alimwuliza, "au unakwenda kula?"

"Nakwenda kumtafuta."

"Basi nenda. Mimi nipo."

*

Magreth alikuwa amepoteza siku tatu akiuliza swali moja: mtu aliyetua Dar Ijumaa angewezaje kufika Kilambo Ijumaa hiyohiyo? Aliuliza uwanja wa Mtwara kama kuna ndege ndogo iliyotua. Hakuna. Aliuliza Lindi. Hakuna. Madereva wa malori waliokwama Rufiji walicheka tu. Kila alikobisha, ukuta.

Alimkuta Samweli barazani kwake Shangani, mtu wa miaka hamsini hivi, shati jeupe, viatu vya ngozi vinavyong'aa hata nyumbani. Akaagiza juisi ya ukwaju iletwe.

"Nimeshaongea na mkubwa wako," alisema.

"Nafahamu, mzee. Mimi nimekuja kuandika tu. Hotelini ulitoka saa ngapi?"

"Alfajiri. Giza bado."

"Ukaenda wapi?"

"Uwanjani, moja kwa moja."

"Ukapanda ndege gani?"

"Ile kubwa, ya abiria. Inakuja Dar bila kutua popote. Ni kilomita elfu mbili na mia nne na ushei, Sajini. Si kwenda Masasi hiyo."

"Dar ukafika lini?"

"Magharibi. Shemeji yangu shahidi."

"Safari ndefu."

"Ndefu mno."

Magreth aliandika. "Mzee, watasema kila mtu anaweza kusema alikuwa angani. Hakuna ulichokiona huko ambacho naweza kukiandika kikakusaidia?"

Samweli alitabasamu. Swali lilimpendeza. Akaegemea kiti, akanyoosha mkono kama anayeonyesha kiwanja chake.

"Nilikaa dirishani. Tulipita juu ya mlango wa Ruvuma. Maji ya matope yameingia baharini, rangi kama chai ya maziwa. Na mto umekata njia mpya kwenye lile fungu la mchanga, upande huu wetu. Nikajisemea, hapa watalii watapiga picha hadi wachoke."

"Uliiona njia mpya kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu. Andika."

"Siku ya Ijumaa?"

"Ijumaa. Na andika na hili: tangu Krismasi sijatia mguu Kilambo."

Magreth aliandika yote, akamsomea, na Samweli akatia saini kwa mbwembwe.

Alipotoka pale alikuwa amenyong'onyea. Mtu yule hakudanganya. Fungu lile la mchanga lilipasuliwa na mafuriko usiku wa kuamkia Ijumaa. Magreth mwenyewe aliiona njia ile mpya Jumamosi alipokwenda kuchukua maiti. Aliyoyasema Samweli hakuyabuni. Siku ile kweli alikuwa angani, na ameutazama mto kutoka juu. Basi labda Mrakibu yuko sahihi. Labda ni Nassoro.

*

Nyumbani kwake Magomeni, hapohapo Mtwara, binti yake alikuwa amesambaza vitabu vya shule sakafuni. Kimojawapo kilikuwa atlasi. Magreth alikiinua, akafungua ramani ya Afrika, akachomoa uzi kwenye kikapu cha kushonea. Ncha moja akaibana kwa kidole juu ya Johannesburg, ya pili akaivuta hadi Dar es Salaam, akaukaza.

Akatazama. Akautengeneza tena, akadhani ameteleza. Uzi ulipita palepale.

Njia ya ndege ile haikuja pwani hata kidogo. Ilipita bara, ikakata Msumbiji upande wa magharibi, ikaingia Tanzania pande za Tunduru, ikaenda zake. Kutoka uzi ulipovuka Ruvuma hadi mto unapoingia baharini, rula ilisema zaidi ya kilomita mia tatu. Abiria wa ndege ile hata angekuwa na macho ya mwewe, asingeliona fungu la mchanga, sembuse njia iliyokatwa usiku uliotangulia.

Magreth aliketi sakafuni na sare yake.

Samweli alikuwa angani, lakini hakuwa katika ndege aliyoitaja.

Hapo ndipo alipoona pia upumbavu wa swali lake la siku tatu. Yeye na Mrakibu wote walikuwa wakiuliza mtu huyu angewahije. Hakuna aliyeuliza kwa nini alichelewa. Ndege kubwa kutoka Johannesburg hadi Dar huchukua kama saa tatu na nusu. Mtu ametoka hotelini alfajiri, amefika magharibi. Mchana mzima umeliwa na nini?

Alikwenda posta, akapiga simu Dar kwa Koplo Neema, aliyesoma naye chuo cha polisi na sasa yuko kituo cha uwanja wa ndege.

"Neema, ndege ya Johannesburg ya Ijumaa ile ilichelewa?"

"Ngoja niwaulize wa mnarani." Simu ikakaa kimya, dakika zikaliwa. "Haikuchelewa, shoga. Ilitua saa tisa alasiri, jua kali. Kwani vipi?"

"Kuna mtu alishuka humo magharibi."

"Basi alishuka na mbawa zake. Orodha ya abiria siwezi kukupa bila barua ya makao makuu, unajua mwenyewe."

"Siihitaji. Magharibi ile kulitua nini?"

"Vidude vidogo vya kukodi, viwili vitatu. Wanaotoka nje hupita wote dirisha moja la uhamiaji. Muhuri ule hauna saa, una tarehe tu."

Magreth alirudi kwenye atlasi. Watu wa Mtwara na Lindi wamezoea kwamba kila kitu hutoka Dar: dawa, mishahara, amri, hata magazeti ya jana. Ndiyo maana wote ofisini walimtazamia muuaji kutoka kaskazini. Lakini kwa anayetoka Johannesburg, mlango wa Ruvuma hutangulia. Dar iko mbele zaidi. Samweli hakuwa na haja ya kufika Dar ndipo arudi Kilambo. Alipaswa kushuka njiani tu, ng'ambo ya mto, Msumbiji, afanye lake, kisha amalizie safari.

*

Asubuhi ya Ijumaa, wiki moja baada ya Omari kuuawa, alichukua pikipiki ya kituo bila kuaga. Barabara ya Kilambo ilikuwa uji wa matope, na mara mbili ilibidi aikokote.

Zainabu, mjane wa Omari, alikuwa ndani katika eda. Magreth alivua viatu mlangoni, akaingia chumbani akaketi mkekani. Akampa pole, kisha akamwambia alichokuja nacho.

"Mama, ng'ambo kule kuna mahali ndege inaweza kutua?"

Zainabu alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye chale za Kimakonde mashavuni.

"Palma kuna kiwanja cha tangu enzi ya Mreno. Ndege ikitua pale ni sherehe, watu wanaacha vyungu motoni wanakimbilia kutazama. Unauliza kwa nini?"

"Kuna ndugu yako anayeishi karibu nacho?"

"Helena, mtoto wa mjomba. Anauza samaki wa kukaanga pale pale." Sauti yake ikabadilika. "Dada askari, unaniambia aliyemuua mume wangu alikuja kwa ndege?"

"Bado sijui. Nataka kumuuliza Helena."

"Helena hana karatasi. Akivuka, wenzako watamkamata."

"Nitakuwa naye mimi."

"Na wewe ukikamatwa?"

Zainabu akamwita mdogo wake wa kike, Mwanaisha, akamnong'oneza Kimakonde. Mwanaisha akafunga khanga kiunoni, akaenda mtoni.

Alasiri akarudi na Helena, mwanamke mnene mwenye rozari shingoni na sauti ya kuita wateja.

"Ijumaa ile? Nnakumbuka," alisema kabla hajaketi. "Ndege ndogo, nyeupe. Ilitua asubuhi jua limeshapanda. Akashuka ntu mmoja, viatu vinang'aa. Pikapu ilikuwa inansubiri, ikaelekea huku ntoni. Jua linainama akarudi, matope hadi magotini. Akaniomba maji anawe. Kiswahili chake cha Bara, safi. Nikammiminia miguuni kwa kata."

"Ulimwona uso?"

"Uso alikuwa na miwani nyeusi. Mie nnaona miguu. Mguu wa kulia, kidole cha pili na cha tatu vimeshikana, ngozi moja, kama mguu wa bata. Nikasema moyoni, Mungu naye ana utani."

"Helena, utayasema haya kituoni?"

"Watanifunga?"

"Wanaweza kujaribu."

Helena alimtazama binamu yake katika nguo nyeupe za eda. Kisha akajifuta mikono.

"Nto huu babu yangu kauvuka bila kumuomba ntu ruhusa, na babu yake vilevile. Twende."

*

Jumamosi asubuhi Samweli aliitwa kituoni. Magreth alimtumia ujumbe kwamba yapo maelezo machache ya kukamilisha. Alikuja akiwa na furaha, akamkuta Mrakibu Isaya amekasirika.

"Sajini, pikipiki ya serikali inalala Kilambo bila kibali changu? Na huyu mama ni nani?"

"Shahidi, Afande. Nikiitwa kujibu baadaye, nitajibu. Naomba dakika chache."

Aliweka atlasi mezani, akavuta uzi. Akasoma maelezo ya Samweli, neno kwa neno, hadi kwenye fungu la mchanga. Mrakibu alisikiliza akiwa bado amekunja uso. Kisha macho yake yakaufuata uzi, kutoka Johannesburg hadi Dar, yakarudi, yakatambaa kwenda mashariki hadi baharini.

"Ndege kubwa ilitua saa tisa," Magreth alisema. "Bwana Samweli amefika magharibi. Anasema ameuona mlango wa mto, na kweli ameuona. Ila ndege ile haikukaribia hata."

"Rubani anaweza kukwepa mawingu," Samweli alisema haraka.

"Kilomita mia tatu?"

"Mimi si rubani! Isaya, rafiki yangu, unamruhusu sajini anifundishe jiografia kwa uzi wa kushonea?"

Mrakibu alikuwa bado akiufuata uzi kwa kidole. Magreth akamgeukia Helena.

"Mama, eleza ulichokiona Palma."

Samweli aliruka. "Huyu Mmsumbiji! Hana pasi, hana kibali. Mtu wa kuwekwa ndani huyu, mnamsikiliza?"

"Niwekeni," Helena alisema. "Nikishamaliza kusema."

Akasema yote, kwa sauti ileile ya sokoni, askari wa mapokezi wakasogea mlangoni. Alipofika kwenye vidole, koplo mmoja akatupa macho kwenye viatu vya Samweli.

"Uongo," Samweli alisema. "Kanunuliwa."

"Uongo unapimwa kirahisi, mzee," Magreth alisema. "Vua kiatu cha kulia."

"Sivui! Katika nchi hii hakuna sheria ya kumvua raia viatu!"

Mrakibu Isaya alisimama. Alikuwa mtu wa kupenda amani na wakubwa, na siku zote hizo alikuwa akiona Johannesburg kama ukuta ambao hakuna wa kuupanda. Sasa aliongea polepole.

"Goodluck, mimi nilikuona Jumamosi ukishuka kwenye ndege. Nilikupa mkono, ukaniambia pole na kazi. Nilikuwa shahidi wako bila kujua. Nakuuliza swali moja tu. Asubuhi ulikuwa Johannesburg. Jioni ulikuwa Dar. Mchana ulikuwa wapi?"

Samweli aliutazama uzi, akamtazama Helena.

"Namtaka wakili wangu."

"Utampata. Koplo, mvue kiatu."

Ilibidi wawe wawili. Soksi ilipotoka, Helena hata hakuinama kutazama; aliwatazama wao wanavyotazama. Kidole cha pili na cha tatu vilikuwa vimeshikana hadi kwenye kucha.

Magreth alimsomea Samweli kosa analotuhumiwa, akamfunga pingu. Alipompitisha kwenye korido, Samweli alimwinamia sikioni.

"Kabla ya saa sita mkubwa wako atapigiwa simu kutoka Dar. Wiki ijayo utakuwa unahesabu mbuzi Ngorongoro."

"Simu iache ije," Magreth alisema. "Mimi nitaipokea nikiwa Ngorongoro. Wewe utaisikia ukiwa ndani."

Simu ilikuja kweli, tena haikungoja saa sita. Mlango wa Mrakibu ulifungwa, na waliokuwa nje walisikia "ndiyo, mheshimiwa" nyingi, kisha kimya, kisha sauti ya Isaya imepanda: "Hapana, mheshimiwa. Kidole nimekiona kwa macho yangu." Alipotoka, makwapa yake yalikuwa yamelowa.

"Yule mama wa Palma," alimwambia Magreth, "andika kwamba ameingia kwa mwaliko wa polisi. Saini yangu ndiyo hii. Na suala la pikipiki bado sijalisahau."

"Ndiyo, Afande."

"Mtoe Nassoro. Mpitishe nyuma, upande wa jikoni. Huko mbele watu wamejaa, sitaki makelele."

Magreth alishuka mahabusu, akafungua. Nassoro Likwata alitoka akiwa amekonda, shati limemlegea mabegani. Akaambiwa yu huru. Akaonyeshwa mlango wa nyuma.

Hakusogea.

"Afande Magreth," alisema, "mimi nilipandishwa Land Rover mchana kweupe, kijiji kizima kinatazama, watoto wangu wanatazama. Nililetwa hapa nikapitishwa mbele, soko lote la Chikongola likaambiwa huyu ndiye muuaji wa Omari. Leo mnanitoa jikoni kama paka mwizi?"

"Amri ndiyo hiyo."

"Basi nirudishe ndani."

Akageuka, akaketi kwenye benchi la mahabusu, mikono magotini, kama mtu anayengoja zamu yake kwa kinyozi. Koplo akamtazama Magreth. Magreth akautazama mlango wa nyuma, kisha korido ndefu inayokwenda mapokezi.

"Inuka," alisema. "Funga vifungo vya shati."

Akamtangulia. Wakapita mapokezi, wakampita Mrakibu aliyejisogeza mlangoni kwake kuwapisha, wakatokea kwenye ngazi za mbele. Mvua ilikuwa imekatika. Watu waliokuwa wakisukumana getini wakatulia. Hawa akainuka na bakuli lake, akasogea hadi ngazi ya chini.

Nassoro alisimama ngazi ya juu muda wa kutosha kila mtu amwone. Ndipo akashuka.